Bwana Harusi Mwenye Jina la Kuazima

Mpaka Mei 2014, swali la jina la uongo katika ndoa lilikuwa na jibu la mstari mmoja katika sheria za Kenya. Sheria ya Ndoa ya zamani, Sura ya 150, iliyotokana na amri ya kikoloni ya 1902, ilisema katika kifungu cha 35 kwamba ndoa ni batili ikiwa bwana na bibi harusi wote wawili, kwa kujua na kwa makusudi, wamekubali ifungwe kwa jina au majina ya uongo. Kosa hilo lilitiwa kapu moja na kufunga ndoa mahali pasipo na kibali, kufunga bila cheti cha msajili, na kufungishwa na mtu asiye na leseni. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa ya 2014. Ilipoanza kutumika tarehe 20 Mei, sheria saba za zamani zilifutwa kwa mpigo mmoja, na maneno yale yakatoweka nazo. Orodha mpya ya ndoa batili haitaji jina la uongo.

Kutoweka huko hakukupigiwa mbiu. Ubishi wa mwaka ule ulikuwa kama mke wa kwanza aulizwe kabla mumewe hajaongeza wa pili, na wabunge wanawake walitoka ukumbini kwa hasira jambo hilo lilipopigiwa kura. Nani angekumbuka maneno machache ya kifungu cha 35?

Watu wa Nakuru walikuwa na sababu ya kuyakumbuka. Mji huu, ambao ulipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, umejengwa na watu waliotoka kwingine: vibarua wa mashamba ya walowezi Njoro na Molo, wafanyakazi wa reli, wafugaji waliosukumwa kutoka nyanda zao, wakimbizi wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 waliolala kwa miezi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, na sasa maelfu wanaochuma maua kando ya Ziwa Naivasha. Anayefika mahali asipojulikana hujitambulisha mwenyewe. Jina atakalolitaja langoni mwa shamba ndilo atakaloitwa, na baada ya miaka michache ndilo watoto wake watakaloandikwa nalo shuleni.

Kabla ya kuiaga sheria ya zamani, maneno "wote wawili" yanastahili kutazamwa vizuri. Sheria hiyo haikubatilisha ndoa kwa sababu mmoja alidanganya. Mwanamke aliyeolewa na mtu aliyejiita Petro naye siye Petro alibaki mke halali, maana yeye hakujua. Waliokula njama pamoja, kila mmoja akijua siri ya mwenzake, ndio walioambiwa kwamba hawajawahi kuoana. Kwa mtazamo wa leo huo ni upotovu: aliyetapeliwa anafungwa nira, na matapeli wawili wanaachiliwa waende zao. Lakini aliyeandika kifungu hicho hakuwa akimfikiria mke. Alikuwa akilifikiria daftari. Kwa serikali ya kikoloni, ndoa ya msajili ilikuwa kumbukumbu ya dola, na kuichezea kumbukumbu hiyo kwa makusudi ndiko kulikokuwa dhambi. Kasoro ndogo za utaratibu hazikuivunja ndoa. Kifungu hichohicho kilimalizia kwa kusema hivyo waziwazi.

Sheria ya 2014 imeliacha daftari na kumgeukia mtu. Kifungu cha 11 kinasema hakuna ndoa pale ambapo mmoja wao amekosea kuhusu utambulisho wa mwenzake. Hakuna ndoa pia pale ambapo ridhaa haikutolewa kwa hiari, na ridhaa iliyopatikana kwa shuruti au kwa ulaghai si ya hiari. Tena hakuna ndoa pale ambapo mmoja, kwa kujua au kwa makusudi, ameingia kwa nia ya kulaghai. Kwa hiyo jina la uongo halijasamehewa. Limepoteza tu kifungu chake lenyewe na kugeuka kuwa ushahidi: linaweza kuonyesha kwamba mtu alikosea, au kwamba alitapeliwa, au kwamba harusi yote ilikuwa mtego. Linaweza pia lisionyeshe chochote.

Lisionyeshe chochote? Ndiyo, na Bonde la Ufa la kati lina mifano tele. Daniel arap Moi, ambaye nyumba yake ya Kabarak iko kilomita chache nje ya Nakuru, alizaliwa akaitwa Toroitich. Daniel alilipata kwa ubatizo, na arap Moi ni jina la baba, kama ilivyo desturi ya wanaume wa Kikalenjin baada ya kutahiriwa. Wakalenjin humwita mtoto kwa saa na hali aliyozaliwa: Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani, Kiprono mbuzi wakirudi. Kanisani Kiprotich huyohuyo ni Daudi, na wazee wa koito, wanapokaa kuzungumzia mahari, wanamwita kwa jina la babake. Upande wa Wakikuyu mambo yamepinda kwa namna nyingine. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo ndugu watatu wa tumbo moja huweza kuwa na wana watatu wenye jina moja. Katika boma la namna hiyo, jina peke yake halimtenganishi mtu na binamu yake.

Jomo Kenyatta mwenyewe alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone mwaka wa 1914, na jina la Jomo likaonekana mara ya kwanza kwenye jalada la kitabu chake cha 1938 kuhusu Wakikuyu. Alipomwoa Edna Clarke huko Uingereza mwaka wa 1942, hakuna jina hata moja kati ya yale aliyojulikana nayo ambalo lilikuwa la kuzaliwa kwake. Mwanasheria mkorofi anaweza kuhoji ndoa ile kwa sababu nyingine, maana mke wake wa kwanza, Grace Wahu, alikuwa hai Kenya na hakuwa ameachwa. Kwa sababu ya jina, hakuna aliyehoji.

Jina jipya, basi, si lazima liwe jina la uongo. Mahakama za Uingereza zilifikia hapo zamani. Sheria ya Lord Hardwicke ya 1753 ilidai matangazo ya ndoa kanisani Jumapili tatu, ili jirani mwenye pingamizi asikie. Kesi zilipoanza kumiminika, majaji wakauliza swali la maana: tangazo ni la nani? Ni la jirani. Basi jina linalofaa ni lile ambalo jirani analijua, hata kama si lile la siku ya kuzaliwa. Katika kesi ya Dancer, iliyochapishwa 1949, mwanamke alitangazwa kwa jina la ukoo wa mwanamume aliyeishi na mamake, jina ambalo kijiji kizima kilimjua nalo. Ndoa ikasimama. Ingekuwa kinyume angetangazwa kwa jina la kweli lakini lisilojulikana na mtu, kwa kuwa tangazo lisilotambulika ni sawa na kukosa tangazo.

Hoja hiyo ina uhai hapa Kenya, ingawa wachache huiinua. Wanaotaka ndoa ya serikali hutoa taarifa ya siku zisizopungua 21, yenye majina yao, umri wao, wazazi wao na makazi yao, na kueleza kama waliwahi kuoa au kuolewa. Kifungu cha 12 kinaitaja ndoa iliyofungwa bila taarifa miongoni mwa zile zinazoweza kubatilishwa. Je, taarifa yenye jina ambalo hakuna mtu wa Bahati, Subukia wala Gilgil analitambua ni taarifa? Wakili mwepesi angesema si taarifa. Hakimu mwangalifu angemuuliza kwanza: jina hilo lilichaguliwa ili nani asisikie?

Wakoloni walishajibu swali la jina na mtu kwa njia yao. Kipande kilipoanza kutekelezwa 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kukibeba, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha bati. Kilikuwa na jina, kabila, maandishi ya mwajiri na alama za vidole. Alama za vidole ndizo zilizokuwa na kazi. Mlowezi wa Njoro aliyetorokwa na kibarua alijua kwamba kufikia wiki iliyofuata kibarua huyo angekuwa na jina lingine kwenye shamba la Molo, na kidole chake kilekile. Wanawake hawakusajiliwa kwa vitambulisho mpaka sheria iliporekebishwa 1978. Ndiyo maana hata leo wapo nyanya wa Elburgon na Mau Narok ambao ujana wao wote hauna karatasi, na ambao ndoa zao zinathibitishwa na ushahidi wa mbuzi wa mahari waliotolewa kwenye ruracio na wazee waliokuwapo.

Baada ya hapo inabaki sehemu ngumu. Kukosea kuhusu utambulisho ni kukosea nini hasa? Kisa safi kuliko vyote kimo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 29: Yakobo alimfanyia kazi Labani miaka saba ili ampate Raheli, na asubuhi baada ya harusi akamkuta Lea kitandani. Hapo mtu mwingine kabisa amewekwa mahali pa aliyekusudiwa. Kifungu cha 11 kingeimaliza kesi ya Labani kabla ya chai ya saa nne. Lakini matapeli wa siku hizi hawapeleki mtu mwingine. Wanakuja wenyewe, kwa miguu yao, na jina la mtu mwingine.

Mahakama ya New Zealand iliikabili hali hiyo mwaka wa 1942. Mwanamke alikubali kuolewa na mtu aliyejitambulisha kuwa bondia mashuhuri, akagundua baadaye kwamba bondia huyo yuko kwingine na mumewe si bondia wa kiwango chochote. Mahakama ilikataa kumfungua. Aliolewa na mtu aliyesimama mbele yake, na kosa lake lilikuwa kuhusu sifa za mtu huyo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka wa 1993, ripoti za sheria za Uingereza zikachapisha hukumu iliyoelekea upande mwingine: mwanamke aliyeolewa na mhamiaji kutoka Nigeria asiye na kibali, ambaye alitumia jina la uongo kanzu mpaka kofia, alipewa amri ya kubatilisha ndoa kwa sababu ya ulaghai kuhusu utambulisho.

Kati ya hizo mbili kuna kesi ya Astrid Proll, ambayo ingekuwa ya kuchekesha kama isingekuwa ya kusikitisha. Proll alikuwa wa kundi la kigaidi la Baader-Meinhof nchini Ujerumani. Alitoroka wakati kesi yake imesimama kwa sababu ya afya, akaingia Uingereza, na mwaka wa 1975 akaolewa na Mwingereza mbele ya msajili huko London akitumia jina na pasipoti visivyo vyake. Alifanya kazi ya umakanika mpaka alipokamatwa gereji mwaka wa 1978. Ili asirudishwe Ujerumani, aliiomba mahakama itamke kwamba ndoa yake ni halali na hivyo anastahili uraia. Jaji George Baker alimpa jibu la pande mbili: ndoa ni halali, jina la uongo halikuivunja, lakini mahakama haitatoa tamko hilo rasmi, maana haiwezi kumzawadia mtu kwa udanganyifu wake mwenyewe.

Uamuzi huo unafaa kusomwa na kila anayefanya kazi ya sheria Nakuru. Mahakama za Kenya hazifungwi nao. Sheria ya Mahakama inazifunga kwa sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na yaliyofuata ni ya kushawishi tu. Hata hivyo unaonyesha jambo ambalo wateja hulisahau: uhalali wa ndoa ni kitu kimoja, na faida anayotaka mdanganyifu kutokana na ndoa hiyo ni kitu kingine. Mahakama inaweza kukubali cha kwanza na kukataa cha pili.

Afrika Mashariki ina kisa chake chenye uzito kuliko cha Proll. Mwaka wa 2002 mgeni mmoja aliishi Siyu, kisiwani Pate, Lamu. Aliitwa Abdul Karim. Alifundisha madrasa, alijiunga na shughuli za vijana, akaposa, akaozwa binti wa hapo. Jina lake halisi lilikuwa Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro, aliyekuwa akitafutwa kwa milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise ya Kikambala ikashambuliwa, naye akatoweka. Jamaa za mke walijikuta wakishtakiwa, na mwaka wa 2005 wakaachiliwa huru. Yeye aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu, Juni 2011, akiwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina la tatu.

Je, yule binti wa Siyu alikuwa mke? Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyotawala ndoa ile, nguzo zilitimia kwa kadiri ya macho ya watu: walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na mwanamume aliyekuwapo kwa mwili wake. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani na pia na wengi wa Waislamu wa Nakuru, wanasisitiza kwamba wanaooana wajulikane waziwazi, lakini kujulikana si lazima kuwe kwa jina. Walii akimwoza binti yake wa pekee akateleza ulimi katika jina, ndoa inasihi, kwa kuwa binti anayekusudiwa hana mwenziwe. Kwa hoja hiyo Abdul Karim aliyekaa mkekani alikuwa ndiye aliyeozwa, hata kama jina halikuwa lake. Udanganyifu humpa aliyedanganywa hiari ya kuivunja ndoa, na haimaanishi kwamba ndoa haikuwapo. Sheria ya 2014 ingelitazama jambo hilohilo kwa jicho kali zaidi. Mtu aliyetumia ndoa kama pazia la kujificha aliingia "kwa nia ya kulaghai" kwa maana yoyote ya maneno hayo. Katiba, kifungu cha 170, inaipa mahakama ya kadhi mamlaka juu ya ndoa za Waislamu wanaokubali kusikizwa nayo, na Sheria ya 2014 yenyewe inasema kwamba kipengele chake chochote kinachopingana na sheria ya Kiislamu hakiwahusu Waislamu, kwa hiyo kadhi wa Nakuru akiletewa kesi kama hiyo leo, pale ambapo vitabu hivi viwili havisemi neno moja, atafuata cha Kiislamu.

Kanisa Katoliki limejaribu kulitenganisha jambo hili kwa uangalifu kuliko Bunge. Sheria yake ya 1983, kanuni ya 1097, inasema kosa kuhusu mtu hubatilisha ndoa, na kosa kuhusu sifa ya mtu halibatilishi, isipokuwa sifa hiyo ndiyo iliyotafutwa hasa. Kanuni ya 1098 inaongeza hila: aliyedanganywa kwa makusudi, juu ya sifa inayoweza kuvuruga maisha ya ndoa kwa uzito, hakuoa wala hakuolewa. Wabunge wa Kenya wangeazima mgawanyo huo, majaji wangepata kazi nyepesi zaidi.

Wakati mwingine hakuna haja ya falsafa yoyote. Mwanzoni mwa 2020 magazeti ya Uganda yaliandika habari za imamu wa wilaya ya Kayunga aliyefunga ndoa na mtu aliyevaa hijabu na kujiita jina la kike, na siku chache baadaye polisi, wakimshika bibi harusi kwa tuhuma za wizi kwa jirani, wakagundua ni mwanamume. Watu walicheka kote Afrika Mashariki. Imamu alisimamishwa kazi, naye ndiye aliyekuwa ametapeliwa.

Sheria ya Kenya ina dosari ambayo mdanganywa huigundua kwa kuchelewa. Ulaghai umewekwa katika vyumba viwili. Kifungu cha 11 kinasema palipo na ulaghai hapakuwa na ndoa tangu mwanzo, na kitu ambacho hakikuwapo hakina tarehe ya mwisho ya kukanushwa. Kifungu cha 73 kinakitaja kilekile, ridhaa isiyokuwa ya hiari, kama sababu ya kuomba ndoa ibatilishwe, kwa sharti kwamba ombi lifikishwe mahakamani ndani ya mwaka mmoja tangu harusi. Mwanamke wa Lanet anayegundua katika mwaka wa sita kwamba mumewe ana jina lingine, na pengine familia nyingine Kericho, aingie mlango gani? Akiingia wa pili ataambiwa muda umekwisha. Wa kwanza uko wazi, lakini mzigo wa kuthibitisha ni mzito, na akishinda anatoka hana hadhi ya mke aliyeachwa, yaani hana madai ya matunzo wala mgao wa mali ya ndoa kwa njia ya kawaida. Ushindi wa namna hiyo una makali pande zote. Wengi, wakishauriwa vizuri, huchagua talaka ya kawaida kwa sababu ya ukatili au uzinzi, na jina la uongo wanaliacha liwe kielelezo tu cha tabia ya mume.

Jinai nayo ipo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 170, inamtishia kwa miaka kumi jela mtu anayemfanya mwanamke kwa hila aamini kwamba ni mke wake halali, kisha akaishi naye kwa imani hiyo. Kuoa huku ndoa ya mke mmoja ikiendelea ni miaka mitano chini ya kifungu cha 171. Kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kutapeli, na kuingiza uongo katika daftari la ndoa, ni makosa pia. Cha kushangaza ni kwamba kifungu cha 170 kinamlinda mwanamke pekee. Mwanamume aliyehadaiwa akaoa mke mwenye jina bandia hana kifungu cha namna hiyo. Atatafuta msaada katika makosa ya kawaida ya utapeli.

Hata hivyo kesi nyingi za jina haziingii mahakamani mume akiwa hai. Zinaingia akishazikwa. Risala inaposomwa kaburini ndipo mjane anasikia jina ambalo hajawahi kulisikia, na kumwona mwanamke mwingine katika safu ya mbele akiwa amevaa nyeusi. Baada ya hapo ni Mahakama Kuu ya Nakuru au Naivasha, barua ya chifu inayotaja warithi, na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali linalotoa siku 30 kwa mwenye pingamizi. Fungua toleo lolote la gazeti hilo utakuta marehemu mmoja akiwa na majina mawili au matatu yaliyounganishwa kwa maneno "aliyejulikana pia kama". Hati ya shamba ina jina moja, kitambulisho kina lingine, cheti cha ndoa la tatu. Kwa kawaida hati ya kiapo na ushahidi wa wazee hutosha kuonyesha kwamba wote ni mtu mmoja. Mabishano huanza pale mjane wa pili anaposema kwamba mtu huyo mmoja alikuwa wawili.

Asiye na cheti kabisa, wa ndoa ya njoo-tukae, alikuwa na kimbilio tangu kesi ya Hortensiah Wanjiku Yawe ya 1976, ambapo mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba kuishi pamoja kwa muda mrefu na kujulikana kama mume na mke huweza kuchukuliwa kuwa ndoa. Tarehe 27 Januari 2023, katika kesi ya MNK dhidi ya POM, Mahakama ya Juu ililibana kimbilio hilo: lazima wote wawe na uwezo wa kisheria wa kuoana, wawe na nia, na ushahidi uwe wazi wa kuaminika. Mwanamke katika kesi hiyo alionekana kuwa na ndoa nyingine, dhana ya ndoa ikaanguka, na mali ikagawanywa kwa msingi wa mchango, asilimia 70 kwake na 30 kwa mwanamume. Kwa mtu aliyeishi na mwenzake miaka 15 katika mitaa ya Nakuru ya Kiti au Rhonda akimwita jina la bandia, hukumu hii ina pande mbili. Jina halimzuii, maana dhana ya ndoa hutegemea maisha na si karatasi. Kinachomzuia ni kile ambacho jina lilikuwa likikificha, iwapo ni mke wa ndoa ya kanisani aliyeachwa Kakamega. Watoto hawamo katika mashaka hayo. Katiba, kifungu cha 53, inawapa haki ya malezi ya wazazi wote wawili, wawe wameoana au la.

Na yule anayetaka kubadili jina kihalali hana haja ya hila. Anatia saini hati ya kubadili jina mbele ya wakili, inasajiliwa, inatangazwa katika Gazeti Rasmi, na kitambulisho kinafuata.

Imebaki pembe moja isiyotazamwa sana. Uganda bado inaitumia Sheria ya Ndoa ya 1904, dada wa ile ya Kenya ya 1902, na maneno kuhusu jina au majina ya uongo bado yamo. Ndoa iliyofungwa nje ya Kenya hutambuliwa hapa ikiwa ilikuwa halali mahali ilipofungwa. Wapenzi wawili wa Nakuru wakipanda basi kwenda Jinja, wakafungishwa ndoa huko kwa majina ya bandia yanayojulikana kwa wote wawili, watarudi wakiwa hawajaoana, kwa sheria ya Uganda na kwa hiyo kwa ya Kenya. Wangefanya udanganyifu uleule mbele ya msajili wa Nakuru, bila kudanganyana wao kwa wao na bila nia ya kumtapeli mtu, wangeweza kutoka ofisini wakiwa mume na mke, na kosa la jinai la kuandikisha uongo kwenye daftari likiwasubiri nje.